Deskitopu ya Core 2 Duo: asubuhi haipandi, mchana skrini ya bluu, ikiprinti inazima. Naanzia wapi?

Karatasi_A4

Wakuu habarini. Naomba msaada wa wajuzi wa mashine za zamani.

Kompyuta ni ya mezani, mtumba wa maofisini Ulaya, iko steshenari: kuchapa, kuskani, kuprinti, basi. Sifa zake: prosesa Core 2 Duo E8400, mazabodi yenye chipseti ya Q45, RAM DDR3 vipande viwili vya 2GB, diski ngumu ya 250GB, Windows 10 ya biti 64. Haina kadi ya grafiki ya pembeni. Umeme unapitia UPS ya 650VA, na printa ya leza imechomekwa kwenye UPS hiyo hiyo.

Dalili ziko hivi. Jioni tunazima swichi ya ukutani. Asubuhi ikiwashwa inaandika CMOS checksum bad, inataka F1, saa imerudi Januari 2008. Ukibonyeza F1, Windows inaleta skrini ya bluu INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inajiwasha upya, mwisho inakwama kwenye Automatic Repair. Fundi alikuja akabadilisha kitu kwenye BIOS (programu ya mazabodi inayoamka kabla ya Windows) ikawaka vizuri, kesho yake ikawa vile vile.

Ikishawaka, mchana inaweza kuleta skrini ya bluu yenye jina tofauti kila siku: MEMORY_MANAGEMENT, PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA, mara IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Na kuna kuzima ghafla pasipo ujumbe wowote, mara nyingi printa inapoamka kutoa kazi.

Nimenunua RAM ya 4GB DDR3 nikidhani kumbukumbu haitoshi. Ukiichomeka mashine inapiga milio tu, picha haitokei. RAM yenyewe kwenye mashine nyingine inafanya kazi.

Fundi anasema tufomati. Tufomati?

---

mzee_wa_flashi

Fomati mkuu, rudisha Windows 7. Windows 10 ni nzito kwa Core 2.

---

Bisibisi_Bapa

Usifomati. Kufomati hakurudishi saa ya BIOS wala hakutibu RAM mbovu, na ukisakinisha Windows juu ya RAM inayokosea utakuwa na mafaili mabovu tangu siku ya kwanza, kisha hutajua kosa ni la nani. Hapo una matatizo matatu yaliyokutana, kila moja lina dalili zake. Yatenganishe.

La asubuhi ni betri ya CMOS (kumbukumbu ya mipangilio ya BIOS), ile ya duara iliyoandikwa CR2032, volti 3. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, pawa saplai inaendelea kutoa volti 5 za akiba na hizo ndizo zinazotunza mipangilio ya BIOS. Mnapozima ukutani jioni, kazi yote inabaki kwa betri. Betri imekufa, kwa hiyo BIOS inasahau kila kitu na kurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Katika mazabodi za umri huo, mipangilio ya kiwandani ya SATA (njia inayounganisha diski na bodi) mara nyingi ni IDE, hali ya kizamani. Windows yako bila shaka ilisakinishwa kwenye AHCI, hali mpya zaidi, hivyo asubuhi inaamka inakuta njia ya kwenda kwenye diski si ile inayoijua. Ndiyo maana ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE hapo, wala diski haijafa. Alichobadilisha fundi ni hicho. Kosa lake ni kuiacha betri.

Fanya hivi:

1. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe.
2. Toa betri kwa kusukuma kibanio cha pembeni. Pima kwa multimeta kwenye DC 20V. Mpya husoma 3.0 hadi 3.3. Ikiwa chini ya 2.7 tupa.
3. Weka mpya, upande wa jumlisha juu. Chukua CR2032 kamili. CR2025 ni nyembamba, inalegea kwenye kishikio.
4. Ingia BIOS. Weka tarehe na saa. Tafuta SATA Mode au SATA Operation, weka AHCI. Ikikataa kuwaka rudisha IDE, maana moja kati ya hizo mbili ndiyo iliyotumika siku ya kusakinisha. Ikiwa kuna RAID, hiyo pia ijaribu kabla ya kukata tamaa.
5. Hifadhi, toka, kisha piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu.

Usiiache Automatic Repair ihangaike wakati SATA iko kwenye hali isiyo yake, haitapata kitu cha kutengeneza. Na tarehe ikiwa ya 2008, vivinjari vitakataa karibu kila tovuti kwa sababu vyeti vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Watu hulaumu intaneti bure.

La mchana ni RAM, kwa dalili ulizotaja. Draiva mbovu hupenda kurudia jina lile lile la kosa na faili lile lile. Majina yakibadilika kila siku, huku yote yakihusu kurasa za kumbukumbu, tilia shaka RAM kwanza. Kabla ya kupima, toa vipande vyote viwili, futa miguu ya dhahabu kwa kifutio cha penseli cheupe, pangusa kwa spiriti safi, acha ikauke. Sloti zipulize. Kisha chukua flashi, weka MemTest86+ (programu ya kupima RAM) na uwake nayo. Pima kipande kimoja kimoja kwenye sloti ile ile, uache kikamilishe angalau mizunguko miwili. Usiamini kile kipimo cha Windows cha mdsched peke yake, kinapitisha RAM nyingi zenye ugonjwa.

Matokeo yasome hivi: kipande kimoja kikikosea kila sloti, kipande ni kibovu. Vipande vyote vikikosea kwenye sloti moja tu, sloti ina uchafu au ina mguu uliopinda. Vyote vikikosea kila mahali, acha RAM utazame umeme na joto. Mstari mmoja mwekundu wa kosa kwenye MemTest unatosha kukikataa kipande. Hakuna RAM yenye makosa machache yanayokubalika.

La kuzima ghafla nawaachia watu wa umeme, ila kwanza tuletee ushahidi. Bonyeza Windows+R, andika `eventvwr.msc`, nenda Windows Logs, System, kisha Filter Current Log, na kwenye sehemu ya namba za matukio andika `41,1001,6008,7,51,153`. Fungua kila 41 ya Kernel-Power, upande wa Details, usome BugcheckCode (namba ya kosa la skrini ya bluu). Hapo namba huandikwa kwa desimali, hivyo 26 ni 0x1A yaani MEMORY_MANAGEMENT, 80 ni 0x50, 10 ni 0x0A, 292 ni 0x124. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa: umeme ulikatika, au mashine iliganda kabisa. Tazama na PowerButtonTimestamp. Ikiwa si 0, kuna mtu alishikilia kitufe.

Zima pia kule kujiwasha upya kwenyewe ili usome skrini kwa utulivu: Windows+R, `sysdm.cpl`, Advanced, Startup and Recovery, toa tiki ya Automatically restart.

---

Volti_Kumi_na_Mbili

Nichukue hapo kwenye umeme.

Printa ya leza itoe kwenye UPS leo hii, kabla hujafungua hata skrubu moja. Ndani ya leza kuna roli la kuchomea wino, na likianza kupata moto linavuta mamia ya wati kwa mkupuo. Nyingine zinapita wati 800. UPS ya 650VA uwezo wake halisi ni wati 360 hadi 390 hivi, na hapo tayari umeshaweka kompyuta na skrini. Printa ikiamka, UPS inazidiwa, volti inadondoka, kompyuta inazima kama iliyochomolewa. Watengenezaji wa printa wenyewe huandika kwenye vitabu vyao kwamba leza isichomekwe kwenye UPS. Ipe soketi yake ya ukutani, isishirikiane na kompyuta ekstensheni moja nyembamba. UPS nyingine zina matundu ya kuzuia mshtuko wa umeme tu yasiyotumia betri. Hayo nayo kwa leza kubwa sikushauri.

Kisha ijaribu UPS yenyewe. Chomeka taa ya kawaida tu, chomoa UPS ukutani. Taa ikizima palepale au ndani ya dakika moja, betri ya ndani, mara nyingi ya 12V 7Ah, imeisha. UPS yenye betri iliyokufa ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu umeme ukitikisika kidogo inahamia kwenye betri isiyokuwepo.

Baada ya hapo pima pawa saplai ikiwa na mzigo, mashine imewaka na inafanya kazi. Multimeta DC 20V, ncha nyeusi kwenye waya mweusi wa plagi ya pini nne, ncha nyekundu kwenye rangi:

- Njano: 12V, ikubali 11.4 hadi 12.6
- Nyekundu: 5V, ikubali 4.75 hadi 5.25
- Chungwa, kwenye plagi kubwa ya pini 24: 3.3V, ikubali 3.14 hadi 3.47
- Zambarau: 5V za akiba, zinakuwepo hata mashine ikiwa imezimwa

Mashine nyingine za ofisini zina pawa saplai ya umbo lake na rangi zake, kwa hiyo soma lebo ya pembeni kabla ya kuamini rangi. Ukiona 12V inasoma 11.9 mashine ikiwa imetulia na inashuka hadi 11.2 kazi ikianza, hiyo pawa saplai ni ya kubadilishwa. Jaribio la kuunganisha waya wa kijani na mweusi linaonyesha tu kwamba inawaka. Halisemi lolote kuhusu uwezo wake chini ya mzigo.

Usifungue kopo la pawa saplai. Kapasita kubwa ya ndani hukaa na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Na kwa wanaonunua mtumba wa Marekani: tazama nyuma kama kuna kiswichi chekundu cha 115/230. Kikiwa kwenye 115 ukachomeka umeme wa kwetu, utasikia mlio mmoja tu na harufu.

---

Chipu_Nane

Kuhusu RAM ya 4GB inayopiga milio: si mbovu, haijazaliwa kwa ajili ya mashine hiyo.

Itazame. Nina hakika ina chipu 8 nyeusi tu. Hapo kila chipu ina gigabiti 4. Chipseti za G41, Q43 na Q45 zinajua kusoma chipu za gigabiti 2 mwisho. Kwa hiyo 4GB itakayokubali kwenye mashine yako ni ile yenye chipu 16, nane kila upande, na kwenye lebo huandikwa 2Rx8. Yenye 1Rx8 ya 4GB iache dukani. Nyingi za kisasa ni 1Rx8, ndiyo maana inafanya kazi kwenye mashine nyingine mpya kidogo. Ukienda dukani hesabu chipu kwa macho, usiulize tu "ni DDR3?" maana jibu litakuwa ndiyo na mlio utakuwa ule ule.

Jambo jingine: volti 1.5 ndiyo DDR3 ya kawaida. Zile za 1.35 zenye alama ya L kwa kawaida hukubali pia 1.5, ila kwa mashine ya umri huo nunua ya 1.5 uondoe shaka.

Wenye mashine za DDR2 nao wajihadhari na vipande vya 4GB vya bei ya kutupa. Vingi vimepangwa kwa prosesa za AMD tu. Kwenye bodi ya Intel haviwaki.

---

Karatasi_A4

Wakuu shukrani sana, mmenifungua macho. Mrejesho:

Betri ilisoma 2.1V. Mpya 3.2V. Nimeweka AHCI, imewaka, na sasa tukizima ukutani asubuhi inaamka na saa sahihi.

MemTest: kipande kimoja kinatoa mistari myekundu kwenye sloti zote, hata baada ya kufutwa. Kingine kiko safi. Nimebaki na 2GB kwa sasa. Ya 4GB nimeihesabu, kweli chipu nane.

Matukio ya 41 ni mengi, yale ya wakati wa kuprinti yote BugcheckCode 0. Printa nimeihamishia ukutani. Volti: 12V inasoma 11.9 ikiwa na kazi, 5V inasoma 5.05.

Lakini jana ilizima tena bila printa kuwaka, nikiwa nakandamiza PDF kubwa. Nimeweka HWMonitor ya kusoma joto: prosesa inasoma 58 ikiwa imekaa tu, na kazi ikikolea inapita 90. Pia CrystalDiskInfo, ya kuangalia afya ya diski, imeonyesha njano, Caution. C5 iko 8, C7 iko 1A. Hiyo 1A ndiyo nini?

---

Bisibisi_Bapa

Nyuzi 58 ikiwa imekaa ni joto la mashine iliyoziba au feni iliyolegea. E8400 ni prosesa ya wati 65 tu, haina sababu ya kufika huko. Ikikaribia 100 inajipunguza kasi, na ikizidi inajizima yenyewe ili isiungue; hapo Windows itaandika 41 yenye 0 vile vile, ndiyo maana dalili ilifanana na ya printa.

Tazama heatsinki (chuma cha mapezi kinachopoza prosesa). Kama ni ile ya duara ya Intel, imeshikiliwa na miguu minne ya plastiki ya kubonyeza. Huo ndio ugonjwa mkuu wa soketi ya 775. Mguu mmoja ukichomoka, heatsinki inanyanyuka upande mmoja, kwa macho huoni, kwa joto unaona. Itikise kidogo kwa vidole: ikicheza, jibu umelipata. Ukigeuza bodi, kila mguu unatakiwa uonekane umepenya wote, ncha mbili za pembeni zimetanuka na kipini cha katikati kimeingia. Heatsinki za skrubu hazina shida hii.

Kuifunga upya: zungusha kila kichwa kuelekea upande wa mshale ili kilegee, vuta juu, toa heatsinki kwa kuipindapinda taratibu mashine ikiwa bado ina uvuguvugu, maana pesti (krimu ya kupitisha joto kati ya prosesa na heatsinki) iliyokauka hushika kama gundi. Futa pesti ya zamani pande zote mbili kwa spiriti na karatasi isiyotoa nyuzi. Weka mpya katikati ya prosesa, ukubwa wa punje ya choroko. Ikijaa mpaka kumwagikia pembeni haiongezi ubaridi. Rudisha vichwa vyote vinne kwenye mkao wa kufunga kabla ya kuviweka, kisha bonyeza kwa mshazari: kimoja, halafu kinachokitazama kwa pembe, mpaka usikie mlio wa kuingia kila kimoja. Ukibonyeza viwili vya upande mmoja kwanza, vya upande wa pili vitagoma, na hapo ndipo plastiki huvunjika.

Vumbi la steshenari ni la karatasi na wino wa leza, linaganda kama blanketi kati ya feni na mapezi. Toa feni yenyewe ndiyo uone. Tumia bloa nje ya chumba, huku umezuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Usitumie brashi kavu juu ya bodi.

Baada ya hapo, imekaa tu itarudi kwenye 40 na kitu. Kwa kazi nzito isizidi 75 kwa hali ya hewa ya kwetu.

---

Chipu_Nane

Diski sasa. 1A ni namba ya heksadesimali, sawa na 26. Kwenye CrystalDiskInfo nenda Function, Advanced Feature, Raw Values, chagua 10 [DEC] usome namba za kawaida.

C7 ni makosa ya waya wa data kati ya diski na bodi. Haihusu sahani za diski. Badilisha kebo ya SATA, chomeka tundu lingine, kisha iandike hiyo 26 mahali. Namba hii hairudi nyuma hata ukitengeneza. Kinachotakiwa ni isiongezeke.

C5 ndiyo inayokupa njano. Ni sekta zilizoshindwa kusomeka na zinasubiri hukumu. Nane si nyingi, ila kinachojalisha ni mwendo wake. Ikipanda wiki hii na ijayo, diski iko njiani kuondoka. Tazama na 05, yaani sekta zilizokwisha kuhamishwa, na C6.

Kosa linalofanywa sana hapa ni kukimbilia `chkdsk C: /r`. Hiyo inasoma diski nzima sekta kwa sekta, saa nyingi, na diski dhaifu inaweza kufia humo humo kabla hujaokoa kitu. Mpangilio uwe huu: kwanza nakili mafaili ya wateja na ya ofisi kwenye diski ya nje. Yakisoma bila kugoma, vizuri. Yakigoma, waka na Linux kutoka kwenye flashi, tumia ddrescue, programu ya kunakili diski yenye hitilafu:

`ddrescue -n /dev/sda /mnt/nje/picha.img /mnt/nje/ramani.map`

na baadaye, kurudi kwenye sehemu ngumu:

`ddrescue -d -r3 /dev/sda /mnt/nje/picha.img /mnt/nje/ramani.map`

Hakikisha kwa `lsblk` kwamba sda ndiyo diski ya zamani, na kwamba ya nje ina nafasi ya kutosha picha nzima ya 250GB. Faili la ramani usilifute, ndilo linaloiwezesha kuendelea ilipoishia umeme ukikatika.

Baada ya bakapu, usipoteze muda na diski ngumu nyingine ya mtumba. Weka SSD ya SATA ya 240GB. Bodi hiyo ni SATA II, haitapita 300MB kwa sekunde, ila hata hivyo mashine utaiona nyingine. Usijaribu kukloni moja kwa moja: 240 ni ndogo kuliko 250, Clonezilla (programu ya kukloni diski) itakataa mpaka upunguze patisheni, na kwa diski yenye C5 utakuwa unahamisha na mafaili yaliyoharibiwa na ile RAM. Hapa sasa ndipo pa kusakinisha upya. Kama Windows 10 yako ilikuwa imeamilishwa kihalali, itajiamilisha kwenye bodi hiyo hiyo ikipata intaneti.

Ukiletewa KERNEL_DATA_INPAGE_ERROR siku za mbele, fungua BlueScreenView (programu ya kusoma kumbukumbu za skrini ya bluu) usome kigezo cha pili: 0xC000009C ni sekta mbovu, 0xC0000185 huwa ni kebo au kontrola.

---

Pengwini_wa_Pwani

Kabla hujasakinisha fikiria ni mfumo gani. Msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 7 uliyoshauriwa hapo juu iliisha tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kwake ni toleo la 109, kwa hiyo mzee_wa_flashi, hilo tuliache. Windows 11 usihangaike na ujanja wa kuruka TPM (chipu ya usalama inayodaiwa): kuanzia toleo la 24H2 inadai maagizo ya prosesa yaitwayo POPCNT ambayo Core 2 haina, haitawaka kabisa.

Linux Mint ya Xfce na LibreOffice inatosha kwa kuchapa na kuprinti, ila jaribu kwanza kwa flashi kama printa na skana yako zinatambulika. Hapo ndipo steshenari nyingi hukwama. Kama unabaki Windows 10, RAM isiwe chini ya 4GB, na ukimaliza kusakinisha fungua cmd kama msimamizi uandike `powercfg /h off`. Inazima Fast Startup (njia ya Windows ya kuwaka haraka), ambayo kwa mashine inayozimwa ukutani kila jioni haina faida, na inarejesha gigabaiti kadhaa kwenye SSD.

---

Karatasi_A4

Mguu mmoja wa heatsinki ulikuwa juu kweli. Nimefunga upya, sasa 43 ikiwa imekaa, 66 ikifanya kazi. Kebo ya SATA nimebadilisha, C7 imebaki 26.

Ila nilipotoa feni nimeona kapasita mbili karibu na prosesa zimevimba juu, moja ina ukoko wa kahawia. Zimeandikwa 1500µF 6.3V 105°C. Mashine inawaka. Niziache?

---

Volti_Kumi_na_Mbili

Usiziache. Hizo zinalainisha umeme wa prosesa. Zikilegea volti inatikisika, na utarudishiwa skrini za bluu za aina ya WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR au mashine itaanza kuhitaji kuwashwa mara kadhaa ndipo ikubali. Ikifika hapo MemTest nayo inaweza kukuonyesha makosa ya uongo, kwa hiyo kile kipande cha RAM ulichokikataa usikitupe. Kipime tena baada ya kapasita mpya. Joto la 90 lililokuwa pembeni yake limeharakisha.

Nunua 1500µF, volti 6.3 au 10, 105°C, na ziwe za upinzani mdogo, zile wanazoziita low ESR. Kapasita za kawaida za redio zitalingana namba zote na bado zitapata moto na kuvimba tena. Pima kipenyo kabla ya kwenda dukani, 8mm au 10mm, maana nafasi kati yake na heatsinki ni finyu. Badilisha zote za safu hiyo zenye namba moja, hata ambazo hazijavimba.

Kuchomelea: pasi ya wati 60 au zaidi, kwa sababu bodi ina tabaka nyingi za shaba zinazomeza joto. Pasi ya wati 30 itakuchosha na kuunguza bodi. Kabla ya kutoa, piga picha upande wa mstari wa kapasita, ambao ndio mguu wa kutoa. Usitegemee rangi nyeupe iliyochorwa kwenye bodi, maana bodi nyingine huichora upande wa pili. Ongeza risasi mpya kidogo juu ya ya zamani iyeyuke vizuri, pasha mguu mmoja huku ukiinamisha kapasita kidogo, hamia mguu wa pili, hivyo hivyo mpaka itoke. Usivute kwa nguvu: ndani ya tundu kuna bomba jembamba la shaba linalounganisha tabaka, likitoka na mguu, bodi imekwenda. Tundu likiziba, pasha upande mmoja na uingize kijiti cha meno upande wa pili.

Ukimaliza, kabla ya kuchomeka umeme, weka multimeta kwenye mlio upime kati ya miguu miwili ya kila kapasita mpya. Mlio mfupi unaokatika ni sawa. Karibu na prosesa, mlio wa kudumu unaweza kuwa wa prosesa yenyewe maana upinzani wake ni mdogo sana, kwa hiyo itoe kwanza kwenye soketi, upime tena. Ukiendelea kulia, usiwashe. Tafuta tone la risasi lililogusa pasipotakiwa.